Thamani za Ndani: meza ya mninga kutoka Keko

Nianze na kibao, maana ndicho kilichonisimamisha. Ni kipande cha bati kilichogongomelewa kwenye mwarobaini, kimepakwa rangi ya bluu, na maandishi yake meupe yanaanza makubwa na kuishia madogo kwa kuwa mwandishi aliishiwa nafasi: FUNDI SEREMALA. THAMANI ZA NDANI. Jina la karakana hakuna. Namba ya simu ilikuwapo, jua limeila. Kwa hiyo anayetaka kujua nilikonunua meza yangu panaitwaje, jibu ni hilohilo: Thamani za Ndani, Keko, Dar es Salaam.

Mimi ni mfasiri. Mwaka wa kumi na tisa huu nakula kwa kugeuza Kiingereza kuwa Kiswahili, na kibao chenye kosa siwezi kukipita hivihivi. Viti, makabati na vitanda ni samani. Thamani ni jambo jingine kabisa. Kosa lenyewe linajulikana lilikotoka. Wengi wetu lugha za nyumbani kwetu hazina th, basi themanini tunaisema semanini, thamani tunaisema samani, kama thumni ilivyogeuka sumni mifukoni mwa babu zetu. Mtoto akishachekwa shuleni mara mbili tatu anaanza kuiogopa s, na tangu hapo anabandika th hata pale ambapo s ilikuwa imekaa zake kwa haki. Vibao vya "thamani za ndani" nimeviona Morogoro, nimeviona Mwanza. Siku nyingine ningetabasamu nikapita. Siku hiyo sikuweza, kwa sababu neno hilo lilikuwa limenikaa kooni wiki ya pili.

Nitaeleza, lakini kwanza meza ya zamani, Mungu aiweke pema. Niliinunua dukani, duka hasa, lenye vioo na kiyoyozi na binti wa kunifungulia mlango. Nyeupe, inang'aa, miguu ya chuma. Laki mbili na themanini. Ndani yake lilikuwa vumbi la mbao lililoshindiliwa kwa gundi na kuvikwa karatasi ngumu, jambo ambalo binti hakulisema na mimi sikuuliza. Masika yalipoanza, dirisha langu likapitisha manyunyu usiku mmoja tu. Asubuhi kona ya kushoto ilikuwa imeumuka kama andazi. Baada ya wiki mbili ubavu ukaanza kumwaga unga, ikawa kila nikiinua kompyuta nafagia. Niliporudi dukani niliambiwa dhamana haihusu maji. Miezi kumi na moja tu. Niliuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe ndilo nililolipenda.

Sasa kazi. Shirika moja lilinipa kitabu cha mwongozo, kurasa 46, kinachohusu watu wanaohamishwa kupisha miradi: nani alipwe nini, nani ahesabu, nani atie saini. Kiingereza chake kizuri tu, hakina majivuno. Ila kina neno moja, "value", ambalo nilipoiambia kompyuta inihesabie lilitokea mara 71. Sabini na moja! Na mteja alikuwa ameambatanisha agizo: neno moja, tafsiri moja, kitabu kizima. Yaani kila "value" iwe thamani, tusiwachanganye wasomaji.

Jaribu uone. Ukurasa wa 3, shirika linatangaza "values" zake sita, uwazi, uadilifu na wenzake. Ukiandika "thamani zetu", msomaji wa Keko anaona viti na makabati. Ukurasa wa 9 ni shamba na bei ya soko. Ukurasa wa 14 wanataka kila shilingi ionekane imefanya kazi, kitu ambacho serikalini siku hizi kinaitwa thamani ya fedha. Ukurasa wa 15 wanazungumzia shilingi kushuka, nayo pia ni thamani ya fedha, na hizo mbili hazina hata undugu. Ukurasa wa 22 ni mnyororo wa thamani wa korosho. Ukurasa wa 30 ni jedwali, na chini yake onyo kuhusu "missing values", ambazo ni visanduku tu ambavyo karani hakuvijaza. Ukurasa wa 38 ni makaburi. Ukurasa wa mwisho wanawashukuru washirika wao, "valued" nao. Nyumbani kwangu mwanangu wa darasa la saba anatafuta thamani ya x kila jioni, na hajatokea mtu wa kumuuliza x ni shilingi ngapi. Nilikuwa nimekwama ukurasa wa 14 nilipoamua kwamba kabla ya yote nahitaji meza isiyomwaga unga.

Nilishuka Tazara, nikachukua bajaji. Kwa asiyeijua Keko: ni vitanda. Vimesimamishwa wima kando ya barabara kama watu walio kwenye foleni, makochi bado mifupa mitupu yanasubiri sponji, makabati yaliyopakwa vanishi yanakauka juani huku vumbi la magari likipata sehemu yake. Misumeno ya umeme inalia tangu asubuhi. Kila hatua tano kijana anakuita: "Mama, karibu kabati! Mama, kitanda sita kwa sita!" Kwenye mwarobaini hakuna aliyeniita. Mzee alikuwa ameinama anapiga randa, kijana wake ameshikilia ubao upande wa pili, na nilisimama pale muda wa kutosha kusoma kibao mara nne.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Sogea kivulini, hilo vumbi litakuingia machoni."

Nikasema nataka meza ya kuandikia, futi nne kwa mbili, yenye droo mbili kulia. "Watoto wawili," akasema, si kunisahihisha, ni kuhakikisha tu. Mtoto wa meza! Tangu bibi yangu afariki sikuwa nimelisikia neno hilo kwa mtu anayelitumia kazini. Hakuniuliza rangi. Aliniuliza nakaa mezani saa ngapi kwa siku, na dirisha liko mkono gani.

Halafu akavuta mbao tatu kutoka kwenye rundo. Ya kwanza paina, ile ya Mufindi, nyeupe, nyepesi, yenye macho macho ya matawi. Ya pili mkongo, nzito, nilijaribu kuinua ncha yake nikaiachia. Ya tatu mninga. Alipiga randa mara mbili kila moja, maranda yakajiviringisha miguuni, kisha akachovya kitambaa kwenye kopo la maji akapangusa. Paina ikabaki vilevile kama mtu asiyeitwa. Mkongo ukaiva. Mninga ndio ulionikamata: michirizi ya dhahabu na hudhurungi iliyokuwa imefunikwa na vumbi ikajitokeza yote kwa mkupuo, na kabla sijasema kitu ikaanza kufifia tena kwa joto. Akapangusa mara ya pili ili niione. Akanieleza kwamba mninga ukikatwa mbichi unatoa utomvu mwekundu kama damu, kwamba yeye ni mtu wa Tabora na huko ameukata tangu ujana, na kwamba sababu ya kuupenda si urembo. "Ukishakauka, umekauka. Hautembei." Yaani haupindi wala kuvimba hovyo kama mbao nyingine. Mtu aliyetoka kufagia meza yake kwa miezi anaelewa maneno hayo vizuri kabisa.

"Huu thamani yake kiasi gani?" nikauliza, kidole juu ya mninga.

"Meza nzima laki tano na nusu."

"Hiyo bei. Nauliza thamani." Nilikuwa natania, au nusu natania.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa umri wa mkewe. "Thamani siijui mama. Hiyo utaniambia wewe, masika mawili yakipita. Mimi najua bei."

Nikatoa daftari. Ukurasa wa 9 wa kile kitabu ulikuwa unauliza jambo hilohilo. Shamba la mtu ambalo halijawekwa sokoni lina bei gani? Halina, hakuna aliyelipa. Lina thamani, ambayo mthamini anaikadiria kwa kuangalia mashamba ya jirani yaliyouzwa kweli. Ndiyo maana sheria yetu inamwita mthamini, na kuna Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016, na kuna Mthamini Mkuu wa Serikali. Sheria ya bei ya mashamba hakuna. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo, inapofika kwenye fidia, inaanzia kwenye thamani ya soko kisha inaongeza vitu ambavyo soko halivijui, kama posho ya usumbufu na ya usafiri. Basi pale thamani ikabaki, kwa haki yake. Na uthamini si tathmini, nisemapo hivi nimeshaona barua za ofisi zikichanganya. Tathmini ni kupima mradi kama ulifaulu. Ukimpelekea mwenye shamba mtu wa tathmini, atakuja na dodoso wakati mwenzake anasubiri fidia.

Cha kuchekesha ni kwamba tuliowakopa maneno haya hawayatumii hivi. Kwa Kiarabu thaman ndiyo bei, kile kinacholipwa. Bai ni kuuza, tendo lenyewe. Na kitu tunachokiita thamani wao wanacho kiitwacho qima. Yote matatu yalivuka bahari, na yalipofika pwani yetu yakabadilishana viti. Thaman ilipanda cheo. Kuuza kukawa bei. Qima maskini ikawa kima, na leo utaikuta zaidi kwenye kima cha chini cha mshahara, inagombania jina na mnyama wa mitini na nyama ya kusaga. Nilimsimulia mzee. Akasema, "Kwa hiyo Mwarabu angeniuliza thamani ningemjibu." Ndiyo, angemjibu laki tano na nusu.

Tukapatana laki tano na ishirini. Nusu kianzio, nusu siku ya kuchukua, risiti ya kuandika kwa mkono, ya kitabu chenye kaboni. Biashara yake ni ndogo, mambo ya VAT hayamfikii, ingawa kwa mfasiri jina la kodi ile, Kodi ya Ongezeko la Thamani, ni moja ya tafsiri zilizofanyika vizuri nchini: ubao unaingia karakana kwa pesa kidogo, unatoka meza kwa pesa nyingi, na hilo lililozidi katikati ndilo linalokatwa asilimia 18. Ukikaa kwa mzee huyu saa moja utaliona ongezeko lenyewe likimdondoka kwenye paji la uso.

Sasa lawama, maana lazima niseme kweli. Aliniambia wiki mbili. Ilikuwa wiki tano. "Njoo Jumamosi" ni wimbo wa mafundi wote na huyu anaujua hadi kiitikio. Jumamosi ya kwanza umeme ulikuwa umekatika. Ya pili alikuwa msibani. Ya tatu meza ilikuwepo, nzuri, imesimama, ila watoto wake hawajazaliwa, ipo mianya miwili mitupu. Hakuwahi kunipigia simu kuniambia nisije. Kila mara nililipa nauli ya kwenda kuambiwa. Mwenye haraka asiende kwa mzee huyu. Aende kwenye vitanda vilivyosimama wima barabarani, akachague, aondoke.

Lakini Jumamosi hizo hazikupotea. Kuna benchi chini ya mwarobaini, nilikuwa nakaa na karatasi zangu. Jumamosi ya pili, mzee akiwa msibani, nilimuuliza kijana kama hapo wana masharti yoyote ya kazi, nikiwa nafikiria zile "values" sita za ukurasa wa 3. Akasema masharti hawana, ila kuna mambo mawili mzee hataki kuyasikia: kupaka paina rangi ya mninga ukamuuzia mtu, na kumjibu mteja vibaya. Kuna fundi mwenzao alifukuzwa kwa la kwanza. Ilimchukua dakika mbili kunieleza na hakuhitaji jina la kuyaita. Sisi tunaoandika ndio tunaohangaika na jina. Tanzania tulishalipata neno zuri, tunu: Rasimu ya Katiba ya 2013, ile ya Tume ya Jaji Joseph Warioba, ilikuwa na Tunu za Taifa, utu, uzalendo, uadilifu, umoja, uwazi, uwajibikaji, na lugha ya Taifa. Kenya, ambako mambo hayo yako kwenye Ibara ya 10 ya Katiba yao ya 2010, wanapendelea kusema maadili ya kitaifa. Napenda tunu. Tunu ni kitu adimu, unaletewa na mtu aliyesafiri. Lakini shirika lenye magari manne kujitangazia tunu niliona ni kuvaa kanzu ya babu. Nikaandika "mambo tunayoyashikilia". Kijana wa Keko angeelewa.

Jumamosi ya tatu ndiyo iliyonipa ukurasa wa 38. Alikuja mama mmoja, makamo yangu, na bodaboda, kiti kimefungwa nyuma kwa mpira. Kiti cha kawaida, paina, mguu mmoja umevunjika na mchwa wameshaonja. Kijana akakigeuza, akasema ukweli wake: "Mama, hela ya kukitengeneza hiki inakupa kipya, chenji inabaki."

Mzee akaacha randa. Akakishika kile kiti, akapitisha kiganja kwenye sehemu ya kukalia ambayo ilikuwa imelika katikati kwa miaka ya mtu mmoja kukaa palepale.

"Kinakaliwa au kinawekwa?"

"Kinawekwa," mama akasema. "Cha marehemu baba."

"Basi mbao mpya hatutii. Tunaunga hii hii."

Elfu kumi na tano. Hakumuuliza hata mara moja kama kiti kina thamani gani, na wala yule mama hakusema kina thamani. Mimi kwenye ukurasa wa 38, penye makaburi ya wazee na miti ya matambiko, nilikuwa nimeshaandika "thamani ya kihisia", maneno ambayo ukiyasoma kwa sauti yanasikika kama ugonjwa. Nchi hii ina sheria ya kuhamisha makaburi tangu 1969, mtu akihamishiwa kaburi kuna gharama zinazolipwa, na hayo yana hesabu. Kinachobaki nje ya hesabu hakuna mwanakijiji atakayekiita thamani ya kihisia. Atasema: pale kalala babu. Nikafuta, palepale kwenye benchi, nikaandika "vitu ambavyo wenyewe hawaviuzi, hata kama sokoni havina bei". Maneno tisa kwa neno moja. Mteja hulipa kwa neno, sikujisikia vibaya.

Wiki ya tano meza ikawa tayari. Nilipofika, mzee hakunionyesha vanishi, alimwambia kijana apande juu. Kijana akavua ndala akapanda, akasimama katikati, akarukaruka mara tatu. Meza haikulia. Mzee akapiga magoti akaniita niangalie chini, ambako wateja hawaangalii: miguu imeingia kwenye fremu kwa ulimi na tundu, imebanwa kwa kijiti na gundi, msumari hakuna hata mmoja. Huko chini pia amepiga msasa. Nilipitisha mkono kutafuta mahali alipochoka, nikapata mahali pamoja tu, kwenye kona ya nyuma. Waingereza "value" yao waliipata kwa Wafaransa, na ukirudi nyuma zaidi unafika kwenye Kilatini, valere, kuwa na nguvu, kuwa mzima. Sikumsimulia hilo. Alikuwa anabishana na mwenye kirikuu.

Kirikuu kilichukua elfu thelathini hadi kwangu Tabata, jumla ikawa laki tano na nusu kamili, bei ile ile ya mwanzo. Nadhani mzee aliijua.

Sasa ni mwezi wa kumi na nne. Kasoro ni hizi. Vanishi ya mguu wa nyuma kulia ilichuruzika kabla haijakauka, kuna tone limeganda kama chozi, linaonekana ukilala chini. Meza iko juu kwa inchi moja kuliko nilivyotaka, ninakalia mto. Tundu la kupitishia nyaya hakuliweka kwa sababu sikusema, na alipolitoboa baadaye, bure, alilitoboa upande. Kubwa zaidi: masika yaliyopita mtoto wa chini aligoma. Huo mninga usiotembea ulitembea kidogo, au labda ubao wa ubavuni haukuwa umekauka sawasawa, ikawa ukivuta droo meza nzima inakufuata. Nilimbeba mtoto kwa bodaboda hadi Keko. Mzee alimgeuza kwenye mwanga, akamnusa sijui kwa nini, akapiga randa mara tatu ukingo wa kushoto, akapaka mshumaa. "Bei gani?" "Niletee soda." Tangu siku hiyo anafunguka kwa kidole.

Mnaopenda hesabu, hii hapa. Meza ya dukani, laki mbili na themanini kwa miezi kumi na moja, ilinila elfu ishirini na tano na ushei kila mwezi. Ya Keko ikifika mwezi wa 22 zitakuwa zimelingana, na kuanzia hapo naandikia bure. Hiyo ndiyo ile thamani ya fedha ya ukurasa wa 14. Kwenye tafsiri niliiweka "fedha ilingane na kilichopatikana", halafu nikamwandikia mteja barua ya kurasa mbili kueleza kwa nini kati ya "value" 71 nimebakiza thamani 29 tu, na kwa nini agizo lake la neno moja tafsiri moja lingewafanya wanakijiji wasome kuhusu viti. Alijibu kwa swali moja. Alitaka kujua kwa nini ukurasa wa 38 hauna neno thamani hata mara moja. Nikamweleza kiti. Akalipa.

Nyota nne. Ya tano nimeikata kwa zile Jumamosi.

Mkienda, nendeni asubuhi kabla jua halijakaza. Chukueni futi yenu, na semeni urefu wa kiti mnachokalia pamoja na wa meza, msifanye kosa langu. Ombeni kuona ubao ukipanguswa kwa maji kabla ya kutoa kianzio. Chukueni namba ya simu ya kijana, mzee hapokei. Jina la karakana msiliulize, tafuteni kibao cha bluu. Siku ya soda nilijikaza nikamwambia: mzee, vyombo hivi ni samani, kwa s, pale juu kumeandikwa vingine. Hakushtuka.

"Najua. Mwanangu aliniambia. Yule mwandishi alinitoza kwa herufi, na hiyo th nimelipia mbili. Siifuti."

Mkimkuta, mwambieni mama wa meza ya futi nne kwa mbili bado anasubiri masika ya pili.